Baiti moja iliyoizuia Windows kuwaka

Tarehe 18 Mei 2004 mradi wa Fedora, mmoja wa wanaotengeneza mifumo ya Linux, ulitoa toleo lake la pili, Fedora Core 2. Malalamiko yakaanza kumiminika, na karibu yote yalifanana. Mtu ana kompyuta yenye Windows XP. Amepunguza nafasi, amesakinisha Linux pembeni, na kisakinishi kimefika mwisho bila kulalamika. Anawasha upya, Linux inawaka vizuri. Anawasha tena, safari hii anachagua Windows kwenye menyu ya GRUB, programu inayouliza uwashe mfumo upi: maandishi mafupi juu ya kioo, kisha kimya. Mashine imeganda.

Mtu akifika hapo huamini kwamba Windows imefutwa pamoja na picha, barua na kazi zake zote. Haikuwa hivyo. Mafaili yote yalikuwa palepale yalipokuwa, hata moja halijaguswa. Kilichobadilika ni namba chache ndani ya sekta ya kwanza ya diski, na mara nyingine, kwenye maelezo ya Windows yenyewe, ni baiti moja tu.

Nimekuwa nikirudia kisa hiki kila ninapomweleza mtu kwa nini kurekebisha sehemu ya patisheni, yaani vipande diski inavyogawanywa, kwenye kisakinishi ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Kioo kinaonyesha vibao vya rangi unavyovivuta huku na huku kwa kipanya, na mtu hudhani ugumu uko katika kuvichora. Ugumu uko kwingine. Jedwali la patisheni si mali ya kisakinishi. Linasomwa na BIOS, ile programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta, linasomwa na Windows, linasomwa na keneli, yaani kiini cha Linux, na kila mmoja anaamini sehemu yake. Anayeliandika upya bila kujua wenzake wanaamini nini atawaharibia, hata kama hesabu yake mwenyewe ni sahihi.

Tuanze na jedwali lenyewe. Kwenye mpango wa zamani, MBR, sekta ya kwanza ya diski ina baiti 512. Baiti 446 za mwanzo ni za programu ndogo ya kuwashia. Zinazofuata 64 ndizo jedwali: mistari minne, kila mmoja baiti 16. Mbili za mwisho ni muhuri, 55 AA. Basi. Diski yenye maisha yako yote inaelezwa kwa baiti 64.

Ndani ya kila mstari, mpaka wa patisheni umeandikwa mara mbili, kwa lugha mbili tofauti. Fikiria shamba la urithi ambalo hati yake inasema, "linaanzia hatua mia tatu kutoka barabarani", halafu mstari wa pili unasema, "linaanzia mwembe wa tatu, safu ya pili". Maadamu miembe haijahamishwa, maelezo yote mawili yanakupeleka kwenye bikoni ileile. Lugha ya hatua ndiyo LBA: sekta zimehesabiwa kuanzia sifuri hadi mwisho wa diski, na mstari unasema patisheni inaanza sekta ya ngapi na ina sekta ngapi. Lugha ya miembe ndiyo CHS: silinda, kichwa, sekta. Ni masalia ya enzi ambapo programu ilihitaji kujua kichwa kipi cha kusomea kikae juu ya njia ipi ya duara.

Shida ya lugha ya miembe ni kwamba haina maana mpaka ujue kila safu ina miembe mingapi. Hesabu yenyewe ni hii: LBA = (silinda × idadi ya vichwa + kichwa) × sekta kwa njia + sekta − 1. Ukibadilisha idadi ya vichwa, namba zilezile tatu zinakupeleka mahali pengine kabisa. Na idadi hiyo haijaandikwa popote kwenye jedwali. Kila msomaji anatakiwa aijue kivyake.

Mwaka 2004 hesabu ya kawaida ilikuwa vichwa 255, lakini diski hazikuwa navyo kwa kweli. Hakuna chombo kinachoweza kubeba vichwa 255 ndani ya kasha dogo namna ile. Ilikuwa namba ya makubaliano. BIOS zilidai vichwa 255 na sekta 63 kwa njia ili zifikie nafasi kubwa kadiri baiti tatu za CHS zinavyoruhusu, kama gigabaiti 8.4. Diski yenyewe, ukiiuliza moja kwa moja, ilijibu kwamba ina vichwa 16. Hilo nalo lilikuwa la makubaliano, makubaliano mengine.

Hapo ndipo keneli ya Linux 2.6 inapoingia. Ilitoka Desemba 2003, na kati ya mambo yaliyosafishwa humo ni zile juhudi za kubahatisha namba za BIOS. Kwa wasimamizi wa keneli uamuzi huo ulikuwa na mantiki: Linux yenyewe hutumia LBA, haihitaji CHS, basi kwa nini ikae inakisia? Programu ikiiuliza vichwa vingapi, ikapewa jibu la diski: 16. Kisakinishi cha Fedora kilitumia maktaba ya Parted, msimbo uliokwisha andikwa wa kugawa diski, kuandika jedwali. Parted ikauliza, ikapewa 16, ikaandika upya mistari yote, pamoja na ile ya Windows ambayo hakuna aliyeomba iguswe.

Tuutazame huo mstari kwa karibu. Chukua patisheni ya Windows inayoanzia sekta ya 63, kama ilivyokuwa desturi, na kuvuka gigabaiti 8.4. Mwanzo wake kwa CHS ni silinda 0, kichwa 1, sekta 1. Kwa vichwa 255 au 16 jibu ni lilelile, sekta ya 63, kwa hiyo hapo hakuna kilichobadilika. Mwisho wake uko mbali kuliko CHS inavyoweza kufika, kwa hiyo huandikwa namba kubwa kabisa inayoruhusiwa: silinda 1023, kichwa cha mwisho, sekta 63. Kwa vichwa 255, kichwa cha mwisho ni 254, na baiti zake tatu, kwa namba za msingi wa 16 ambamo 254 ni FE na 15 ni 0F, ni:

FE FF FF

Kwa vichwa 16, kichwa cha mwisho ni 15, na baiti zinakuwa:

0F FF FF

Baiti moja. LBA haijabadilika, urefu haujabadilika, aina haijabadilika. Lakini BIOS nyingi zilizowekwa kwenye "Auto" zilikuwa na tabia ya kuchungulia jedwali hilohilo ili ziamue zitafsiri vipi namba za CHS za diski. Zikiona kichwa cha mwisho ni 254, zinasema: diski hii iligawanywa kwa vichwa 255, tuendelee hivyo. Zikiona 15, zinahitimisha kwamba ni vichwa 16. Windows nayo, kwenye sekta yake ya kuwashia ndani ya patisheni, ilikuwa imeshaandika tangu siku iliyosakinishwa kwamba vichwa ni 255. Inapiga hesabu kwa 255, inaiomba BIOS iende huko, BIOS inatafsiri kwa 16, inasoma sekta isiyohusika, na programu ya kuwashia inapewa takataka badala ya hatua yake inayofuata. Kioo kinaganda.

Ndiyo maana kwa watu wengi tiba ilikuwa kuingia kwenye mipangilio ya BIOS na kubadili "Auto" iwe "LBA". Hawakugusa diski hata kidogo, na Windows ikawaka. Ambao hawakuwa na chaguo hilo walitumia amri iliyosambaa sana wakati ule:

sfdisk -d /dev/hda | sfdisk --no-reread -H255 /dev/hda

Upande wa kushoto unalitoa jedwali kama maandishi, LBA na urefu tu, bila CHS. Upande wa kulia unaliandika tena, na CHS inapigwa hesabu upya kwa vichwa 255. Miembe inarudishwa kwenye safu zake. Haikuwa Fedora peke yake, maana SUSE 9.1 na Mandrake 10, nazo za keneli 2.6, zilikutwa na tatizo hilohilo.

Sasa swali la marekebisho yenyewe, na hapa ndipo penye uhondo. Kosa ni la nani? Keneli ilijibu kweli kuhusu diski. Parted iliandika kwa usahihi kile ilichoambiwa. Kisakinishi kilipitisha tu. Ukisoma kila kipande peke yake huoni kosa. Mtu anaweza kusema keneli irudishe ukisiaji wake wa zamani, na wako waliosema hivyo, lakini ukisiaji ule nao ulikuwa ukikosea kwenye mashine nyingine.

Jibu bora lilikuwa kwenye diski yenyewe. Kama mpaka umeandikwa kwa lugha mbili, basi ukiziweka pamoja unaweza kuigundua ile namba iliyofichika. Chukua patisheni ndogo inayoishia silinda 999, kichwa 254, sekta 63, na ambayo LBA yake ya mwisho ni 16,064,999. Weka kwenye hesabu yetu, sekta kwa njia ikiwa 63: (999 × V + 254) × 63 + 62 = 16,064,999. Toa 62, gawanya kwa 63, unabaki na 254,999. Toa 254, unapata 254,745. Gawanya kwa 999. V ni 255 kamili, bila masalio. Huhitaji kuiuliza BIOS wala diski wala keneli. Aliyeligawa shamba mara ya kwanza ameacha ushahidi wa miembe aliyohesabu. Parted ina kipande cha msimbo kinachofanya hesabu ya namna hii kwenye mistari iliyopo, na kinachopatikana humo ndicho kinachofuatwa katika kuandika. Kwa upande wa keneli kulikuwa na moduli ya EDD, inayoihoji BIOS mapema wakati wa kuwaka na kuweka majibu yake mahali ambapo programu inaweza kuyasoma.

Hata hivyo mimi naona hesabu hiyo ni hatua ya pili. Hatua ya kwanza ni kutoandika usichoombwa. Mtumiaji aliomba patisheni mpya mbili. Mstari wa Windows ulitakiwa urudi kwenye diski baiti kwa baiti kama ulivyotoka. Maktaba nyingi husoma jedwali, hulibadilisha kuwa vitu vyake vya ndani, kisha hutengeneza jedwali jipya kutoka kwenye vitu hivyo. Chochote ambacho vitu vya ndani havikukibeba, kinapotea au kinabuniwa upya. Nikipitia marekebisho ya mtu kwenye kisakinishi, hilo ndilo ninalolitafuta kabla ya lingine lolote.

Mtu atasema hayo ni ya zamani, siku hizi ni GPT, mpango mpya uliochukua nafasi ya MBR. Ni kweli GPT imeondoa CHS. Mstari mmoja una baiti 128, jedwali la kawaida lina mistari 128, kuna hesabu ya CRC32 ya kugundua jedwali likiharibika, na nakala ya pili ya jedwali zima imekaa mwisho wa diski. Lakini ile tabia ya wasomaji wengi kuamini mambo tofauti haikuondoka. Kila patisheni ya GPT ina namba ndefu ya kutambulisha aina yake. Kwa miaka kadhaa programu za Linux ziliandika patisheni zake kwa namba ileile ambayo Microsoft hutumia kwa patisheni za data, EBD0A0A2 na kuendelea. Linux haikujali, maana yenyewe huangalia ndani ya patisheni kujua kuna nini. Windows ilijali. Iliiona patisheni yenye aina yake, ikafungua ndani, ikakuta ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux isiouelewa, na ikamwambia mwenye kompyuta kwamba diski hii inahitaji kufomatiwa. Bofyo moja la haraka na mfumo wa Linux umekwenda. Dawa ilikuwa kuwapa Linux namba yao wenyewe, 0FC63DAF, na programu ya GPT fdisk ya Rod Smith ilikuwa miongoni mwa za mapema kuitumia. Ni marekebisho ya namba moja, na yameokoa data nyingi.

Ile nakala ya mwisho wa diski nayo ina mambo yake. Ukinakili diski ndogo kwenda kubwa, sekta kwa sekta, nakala ya pili inajikuta katikati. Kisakinishi kinachofuata lazima kiamue: kiihamishe mwisho bila kuuliza, au kiulize? Kiulize, naamini. Jedwali lililo mahali pasipotarajiwa linaweza kuwa ushahidi wa kitu ambacho mtumiaji anakijua na kisakinishi hakikijui.

Kuna makosa mengine yasiyo na historia ndefu lakini yanayorudi kila mara. Moja ni la majina. Diski ikiitwa /dev/sda, patisheni ya kwanza ni /dev/sda1, na msimbo mwingi uliandikwa kwa kubandika namba mwishoni. Diski za NVMe, aina mpya zenye kasi, zilipokuja, /dev/nvme0n1 ikabandikwa 1 ikawa /dev/nvme0n11, kitu kisichokuwepo. Jina la diski likiishia na tarakimu, keneli huweka herufi p katikati: nvme0n1p1. Unaweza kuandika kanuni hiyo kwenye msimbo wako, lakini ni salama zaidi kuiuliza keneli jina kuliko kulibuni.

Lingine ni la muda. Kisakinishi kinaandika jedwali, na papo hapo kinataka kufomati patisheni mpya, lakini faili ya kifaa chini ya /dev bado haijatokea. Udev, programu inayoyatengeneza mafaili hayo, haijamaliza kazi. Kwenye mashine ya mwandishi wa programu, yenye kasi yake, tatizo halitokei. Kwenye mashine ya mtumiaji linatokea mara moja kati ya tano. Nimeona mara nyingi marekebisho ya "subiri sekunde tano". Hayo si marekebisho. Ni kuhamisha tatizo liende kwa mwenye mashine ya polepole zaidi, ambaye mara nyingi ndiye mwenye msaada mdogo zaidi karibu naye. Amri ya udevadm settle ipo kwa ajili hiyo: inasubiri mpaka foleni iishe. Na pengine keneli inakataa kabisa kulisoma jedwali jipya, inajibu kwamba kifaa kina shughuli, kwa sababu mfumo wa kwenye flashi uliikuta patisheni ya swap, nafasi ya kusaidia kumbukumbu ya RAM, kwenye diski ukaanza kuitumia bila mtu kujua. Kisakinishi kinachopuuza jibu hilo kitaendelea na ramani ya zamani kichwani, kikifomati mipaka ambayo haipo tena.

Lakini linalotugusa sana huku kwetu ni la diski za mtumba. Kompyuta nyingi tunazonunua zimetoka maofisini Ulaya au kwingineko, na diski zake zimebeba kumbukumbu za kazi ya zamani. Kijana mmoja aliniletea mashine ya namna hiyo.

"Kaka, BIOS inaiona diski, lakini kisakinishi kinasema hakuna pa kusakinisha."

"Umeifuta?"

"Nimeifuta mwanzo wote, megabaiti mia nzima, kwa amri ya dd. Hata jedwali halina."

Nikaandika wipefs /dev/sda, ambayo bila chaguo lolote haifuti kitu, inaorodhesha tu alama inazozikuta. Ulitoka mstari mmoja: isw_raid_member. Ilikuwa alama ya RAID, mpango wa kuunganisha diski kadhaa kuwa kundi moja, ya mazabodi ya zamani, na alama hiyo hukaa mwisho wa diski, si mwanzo. Megabaiti mia za mwanzo zisingeweza kuigusa. Kisakinishi kilikuwa sahihi kuona kwamba diski ni kipande cha kundi ambalo wenzake hawapo. Kosa lake lilikuwa kukaa kimya. Kilikuwa na habari yote na hakikumwambia. Kama kingeandika kwa lugha nyepesi, "diski hii ina alama ya RAID ya zamani, unataka iondolewe?", kijana asingepoteza siku mbili. Tulihakikisha kwanza hakuna cha kuokoa, kisha wipefs -a ikaisafisha.

Kwa anayetaka kusaidia kurekebisha kisakinishi, habari njema ni kwamba huhitaji diski ya kuhatarisha. Amri ya truncate -s 40G diski.img inatengeneza faili inayojifanya diski ya gigabaiti 40 bila kula nafasi hiyo kwa kweli. Iambatishe kwa losetup -P, igawe kama ilivyokuwa mashine ya mlalamikaji, iwashe ndani ya mashine pepe na umwachie kisakinishi. Wengi hupima kwa kutoa sfdisk -d kabla na baada, kisha kulinganisha. Ni mwanzo mzuri, nami hufanya hivyo, na kabla ya kusakinisha kwenye mashine yoyote ya mtu huiweka nakala ya maandishi hayo kwenye flashi.

Ila kumbuka kisa cha 2004. Sfdisk -d haionyeshi CHS. Ungelinganisha kabla na baada ya Fedora Core 2, maandishi ya mstari wa Windows yangekuwa sawa herufi kwa herufi, na ungeandika kwamba jaribio limefaulu. Kwa hiyo chukua pia sekta yenyewe, kabla na baada:

dd if=diski.img of=kabla.bin bs=512 count=1

Kisha cmp -l kabla.bin baada.bin. Itakupa orodha ya kila baiti iliyobadilika na mahali ilipo. Baiti ya 447 hadi ya 462 ni mstari wa kwanza wa jedwali. Kama hukuomba mstari huo uguswe na kuna namba hata moja humo, umelipata kosa.